Darasa la Waliokimbiza Magari

Nyie vijana mliobaki kufundisha udereva chuoni mliniomba niwaandikie habari za kazi, nami nimekawia kwa sababu kila nikishika kalamu najikuta naandika vyeo. Nimechana karatasi hizo zote. Nani alipandishwa na nani alirukwa ni mambo ya kusimuliana kwenye kahawa. Nitaanza na banda.

Lilikuwa Temeke, nyuma ya karakana, ghala la zamani la korosho lenye paa la bati na sakafu iliyokuwa bado inanuka mafuta ya maganda. Humo waliletwa madereva waliokamatwa wakikimbiza magari. Enzi hizo askari wa trafiki hakuwa na mashine. Mmoja alisimama huku na saa mkononi, mwenziwe kule mbele na kitambaa chekundu, na ukipita haraka kuliko ilivyoruhusiwa, kitambaa kinapanda. Hakimu akikuonea huruma anakupa nafasi: uhudhurie darasa majuma mawili, ufaulu, urudishiwe leseni. Ukishindwa, utafute kazi nyingine. Kwa dereva mwenye watoto hapo Temeke, kazi nyingine ilikuwa hakuna.

Mie ni mtu wa Masasi. Nilianza kama utingo kwenye malori ya kusini, nikilala juu ya magunia, nikapata leseni, nikaja Dar es Salaam miaka michache baada ya Uhuru. Nilisikia darasa linatafuta mkufunzi msaidizi. Siku nilipofika nilikuta miguu miwili yenye makubadhi imetokeza chini ya Land Rover.

"Shikamoo," nikaisalimia ile miguu.

"Marahaba. Unajua kuendesha?"

"Najua."

"Kila mtu humu anajua kuendesha. Ndiyo maana wameletwa."

Huyo alikuwa Bwana Hasham. Alikuwa Mhindi wa Kiithnaasheri, mzaliwa wa Kisutu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nduguze walikuwa wafanyabiashara, yeye alipenda vyuma. Hakutaka kuitwa mwalimu. Alisema nchi hii ina Mwalimu mmoja na anatosha. Baada ya Azimio tukaanza kumwita Ndugu Hasham, lakini ulimi ulikuwa umeshazoea, tukarudi kwenye Bwana.

Alitoka chini ya gari, akajifuta, akaniambia nilisukume. Wanafunzi wakanisaidia mpaka likaanza kubingirika uwanjani. "Sasa lisimamishe," akasema, akawaambia wengine waachie. Nilishika bampa, nikakita visigino. Land Rover ile ilinivuta kama mbuzi anayepelekwa mnadani, ikanitupa kwenye uzio wa michongoma. Bwana Hasham alikuja akanitoa miiba mgongoni mwenyewe, bila kucheka.

"Hapo lilikuwa linatambaa," akasema. "Sasa wazia maili hamsini kwa saa, na mbele yako kuna mtu."

Nikapata kazi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na ubao, injini ya Bedford iliyokatwa ubavuni ili matumbo yake yaonekane, breki moja ya ngoma iliyolika kabisa, na kamba ndefu ya katani yenye mafundo ya kupimia umbali wa kusimama. Tulimpeleka dereva barabara ya vumbi, tukamwambia akimbie kiasi chake, kisha tukapiga filimbi afunge breki. Halafu tunaitandaza kamba kutoka pale filimbi ilipolia mpaka pale gari liliposimama, naye anatembea kando yake kimya. Nimewaona wababe wa lori wakifika mwisho wa kamba ile wamelowa jasho. Nyie leo mna picha za sinema. Sina ugomvi nazo, ila kamba inamchosha mtu miguu, na miguu ina kumbukumbu.

Walikuja wa kila namna. Madereva wa teksi waliojua sheria kuliko hakimu na wasiifuate hata moja. Madereva wa mashirika ya umma waliosema kosa ni la meneja anayetaka kuwahi mkutano. Alikuja hata bwana mkubwa mmoja aliyemtuma dereva wake akae darasani kwa niaba yake. Bwana Hasham akamrudisha yule dereva na salamu kwamba akija mwenyewe atawekewa mto kwenye benchi. Akaja, na mto aliukuta.

Sasa niwaambie habari za Athumani, maana ndizo zilizonifanya niandike.

Athumani Ndembo alikuwa dereva wa gari la wagonjwa wa zahanati moja huko Mbagala. Mbagala ya siku hizo ilikuwa mikorosho na mihogo, nyumba hapa, nyumba kule. Zahanati ilikuwa na mkunga mmoja, Mama Agnesi, na gari moja, na Athumani. Mgonjwa akizidi, anapakiwa, anapelekwa hospitali kubwa mjini kwa barabara ya Kilwa, kupitia Mtoni. Hapo Mtoni ndipo kitambaa chekundu kilimpandia. Mara ya kwanza alionywa. Mara ya pili gari lilikuwa tupu, anarudi, na hakimu hakuona sababu ya kukimbiza gari tupu. Athumani alijitetea kwamba alikuwa anawahi mwingine aliyebaki zahanati. Hakimu akamwambia barabara si ya kwake peke yake, akamleta kwetu.

Alikuja na kombati yake ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alikuwa msikivu. Alichora breki na injini kuliko wote, alijibu kuliko wote. Lakini siku ya kamba, tulipofika mwisho wake, akasimama.

"Bwana Hasham, nina swali. Mie nyuma nimebeba mwenye uchungu, anavuja damu. Niende mwendo huohuo?"

"Huohuo."

"Hata akiwa anakufa?"

"Gari halijui kama lina mgonjwa, Athumani. Linajua uzito na mwendo tu. Kamba haifupiki kwa sababu una shida."

"Na mgonjwa yeye anajua nini?"

Wenzake wakacheka. Bwana Hasham hakucheka. Alikunja kamba taratibu, akasema, "Mtoto wa dada yangu aligongwa akiwa kwenye baiskeli. Gari lililomgonga lilikuwa linawahisha mgonjwa hospitali. Yule mgonjwa alipona. Nilikwenda kumwona, nikampa mkono. Kijana wetu tulimzika."

Athumani aliinamisha kichwa, akasema, "Nimeelewa." Na alielewa kweli. Alifaulu vizuri, akarudishiwa leseni. Miezi iliyofuata nikimwona barabara ya Kilwa anakwenda mwendo wake uleule, mikono yote miwili kwenye usukani, akiniona ananyanyua kidole kimoja kunisalimu. Bwana Hasham alimtolea mfano kwa kila kundi lililokuja. "Muigeni Athumani," alisema.

Masika yalipoanza, asubuhi moja tukiwa tunafundisha klachi, Athumani akatokea mlangoni. Hakutoa salamu. Kombati ilikuwa ileile, lakini imelowa, na kiunoni ilikuwa na doa la damu iliyokauka.

Bwana Hasham akaweka chaki chini. "Kuna nini?"

"Amefia garini."

"Nani?"

"Mke wa Simoni mchonga vinyago, alikuwa anajifungua. Jana alasiri. Tumepita Mtoni, tunakaribia, Mama Agnesi akagonga kioo, akaniambia sasa usihangaike tena."

Bati lilikuwa linapigwa na mvua. Ndipo Bwana Hasham akauliza swali ambalo nadhani lilimtoka kabla hajalifikiri, maana ndilo alilowauliza watu kila siku.

"Ulikuwa mwendo gani?"

Athumani akamtazama. "Wako," akasema. "Mwendo wako, Bwana Hasham."

Darasa tulilivunja. Tukapanda Land Rover watatu, mie nikaendesha, maana wale wawili hakuna aliyeweza. Barabara ilikuwa tope tupu kuanzia Mtoni. Mahali fulani njiani, nadhani pale kioo kilipogongwa, Athumani alisema "hapa," basi.

Kwa Simoni tulikuta maziko yamekwisha. Watu wamekaa uani chini ya turubai, wengi ni ndugu zetu wa kusini, Wamakonde, na magogo ya mpingo yamesogezwa ukutani ili wapate pa kukaa. Mtoto naye hakupona. Simoni alikuwa kijana tu, mikono imejaa makovu ya patasi. Tulimpa pole. Bwana Hasham akabaki amesimama mbele yake, mvua inamchuruzikia miwani.

"Mie ndiye niliyemfundisha dereva kwenda vile," akasema. "Nimeona ulijue hilo."

Nilidhani patazuka jambo. Kaka mkubwa wa marehemu alinyanyuka. Simoni akamshika mkono, akamkalisha. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

"Angekimbia, angewahi?"

Bwana Hasham alijua hesabu za mwendo na umbali kwa kichwa. Ningeapa alikuwa ameshaipiga ile hesabu njiani, na ameipiga zaidi ya mara moja.

"Sijui," akasema.

"Mama Agnesi naye anasema hajui. Anasema damu ilishamwagika nyingi, na huko hospitali nako damu huwa haipatikani kila siku." Simoni akasogea kwenye gogo. "Basi kaeni. Hamuwezi kusimama kwenye mvua."

Tukakaa. Tukaletewa uji. Tukaunywa.

Kesho yake Athumani alirudisha ufunguo zahanati. Hakuna aliyemfukuza wala kumlaumu kwa mdomo, hata Simoni. Aliuweka mezani kwa Mama Agnesi, akaenda nyumbani kwake Mtoni Kijichi, akaanza kulima matembele. Ofisi ya mjini iliahidi dereva mwingine, na nyie mnajua ahadi za ofisi. Gari likakaa mbele ya zahanati, kuku wakalala chini yake. Wagonjwa wakawa wanabebwa kwenye mikokoteni mpaka barabarani, wanasubiri lori lenye huruma.

Bwana Hasham alikuwa akimfuata Athumani kila Jumamosi, nami naendesha. Anamkuta kwenye matuta yake.

"Rudi kazini, Athumani."

"Siwezi."

"Watu wanabebwa kama viroba."

"Nawaona. Wanapita hapahapa." Anang'oa jani, analitupa. "Nikishika usukani mguu wangu haujui uende wapi, Bwana Hasham. Nikikanyaga, namwona yule kijana wenu wa baiskeli. Nikiachia, nasikia Mama Agnesi anagonga kioo. Sasa mtu kama huyo umpe gari la nini?"

Turudipo Bwana Hasham alikaa ameshika magoti, anatazama mbele, na darasani nako akabadilika. Kamba akaniachia mie. Alisema mgongo unamuuma, nami nikajifanya nimeamini.

Kisha siku moja akaniambia twende zahanati. Alizungumza na Mama Agnesi chumbani, akatoka na ufunguo wa gari. Akafukuza kuku, akafungua boneti, akasafisha plagi, akajaza maji kwenye betri. Kuanzia hapo, darasa likiisha mchana, alikwenda Mbagala kukaa kwenye benchi la zahanati akisubiri kama kuna safari. Kujitolea. Umri wake haukuwa wa kazi ile, na nyumbani kwake walilalamika. Ndugu zake wengine walikuwa wanafunga maduka na kuondoka nchini miaka ile, walimsihi awafuate, yeye akasema ana zamu.

Nilifuatana naye mara kadhaa. Mara ya mwisho alipakiwa mtoto wa kike mwenye degedege, amekakamaa mikononi mwa mama yake, macho yamegeuka meupe. Mama Agnesi aliingia naye nyuma. Nilikaa mbele. Tulitoka Mbagala kwa mwendo wa darasani. Yule mama alikuwa akimwita mwanawe kwa jina, "Zuhura, Zuhura," bila kupumzika, na kila akiita, Bwana Hasham alikuwa akitikisa kichwa kidogo kana kwamba anaitwa yeye. Kisha sauti ya mama ikanyamaza.

Sikumwona alipokanyaga. Nilisikia tu injini imebadilika, nikatazama mshale wa mwendo, nikashika dashibodi. Yule mzee aliendesha kama sijapata kuona mtu anaendesha, si kwa ubingwa, kwa woga. Alikuwa anapiga honi na midomo yake inasoma dua. Baiskeli zilikimbilia majanini. Kuku, mbuzi, mwanamke mwenye ndoo, wote niliwaona wanapita kando ya dirisha, nami nikawa nasema moyoni, kamba, kamba, kamba. Mtoni kitambaa kikapanda. Hakusimama.

Tulifika. Mtoto alipokelewa akiwa hai, akapona. Leo ningependa kuwaambia kwamba Bwana Hasham alifurahi. Alishuka, akatembea mpaka kwenye ukuta, akachuchumaa. Nikamfuata.

"Umemwona yule mwanamke wa ndoo?" akaniuliza.

"Nimemwona. Alikuwa mbali."

"Hakuwa mbali, Hamisi. Usinidanganye. Umbali naufundisha mie."

Tuliporudi Mtoni alisimamisha gari mwenyewe mbele ya wale askari. Mmoja alikuwa amepata kupita darasani kwetu kujifunza sheria, akasema, mzee nenda tu, tunajua ulibeba mgonjwa. Bwana Hasham akakataa. Alisema kama kitambaa kimepanda kimepanda. Wakamwandikia huku wanamwonea haya. Hakimu naye aliona haya, akataka kulifuta kosa. Bwana Hasham akamwambia hapana, nipe adhabu ileile unayowapa wengine.

Basi Jumatatu moja niliingia bandani nikamkuta kwenye benchi la mbele, kati ya dereva wa lori la saruji na kijana wa teksi. Amevaa shati jeupe, mikono magotini. Banda zima wananitazama nitafanya nini.

"Shikamoo, Bwana Hasham," nikasema.

"Marahaba. Endelea na kazi yako."

Vijana, nimefundisha maelfu baada ya hapo, na wengine walikuja na bastola kiunoni, lakini sijapata kuogopa darasa kama lile. Chaki ilinikatikia mkononi. Nilieleza uzito na mwendo kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu mengine sikuwa nayo, naye akasikiliza kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Tulipotoka kwenda kwenye kamba alitembea na wenzake mpaka mwisho, nyuma kabisa, polepole, mgongo wake kweli sasa ukiuma. Kijana wa teksi alimpa mkono wa kuegemea.

Leseni yake ilikuwa imeshikiliwa, kwa hiyo gari la zahanati likasimama tena. Ufunguo alikuwa anatembea nao mfukoni, akisubiri majuma mawili yapite. Hayakupita.

Ilikuwa katikati ya somo la breki. Athumani aliingia, amevaa nguo za shamba, tope mpaka magotini. Safari hii alisalimia. Akasimama mbele ya benchi la Bwana Hasham.

"Kwa jirani yangu kuna mtu amefukiwa na udongo kisimani," akasema. "Wamemtoa. Anapumua. Wanampakia kwenye mkokoteni kumpeleka zahanati."

Bwana Hasham akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Athumani. Nilimwona anafungua mdomo. Sie wote tulimwona, mie na madereva waliokamatwa kwa mbio, tunangoja atamwambia aende mwendo gani.

Hakumwambia. Aliukunja mkono wa Athumani juu ya ule ufunguo, akaushika hivyo kidogo, kisha akauachia.

Nilimpeleka Athumani Mbagala kwa Land Rover, nikamwona anaingia kwenye lile gari la wagonjwa, anakaa, anaweka mikono yote miwili kwenye usukani. Alikaa hivyo mpaka Mama Agnesi akamwita jina. Akawasha. Yule mtu wa kisima hakufika hai, niliambiwa jioni. Nilidhani Athumani atarudisha ufunguo tena. Kesho yake nilipopita alikuwa anaosha gari, ufunguo kiunoni, ndoo pembeni, mlango wa nyuma uko wazi, maji yanatoka mekundu, kisha yanaanza kuwa meupe. Hakunyanyua kidole kunisalimu, wala mie sikupiga honi.